Ruzuku ya Kipato: kwa Wote au kwa Maskini Peke Yao?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini serikali igawe ruzuku ya kipato, yaani fedha za kujikimu, kwa watu wote, hata kumpa tajiri asiyezihitaji? Je, si nafuu kwa uchumi kuwapa maskini peke yao, hata kama italazimu wachunguzwe kwanza?

JIBU: Hoja yako ina uzito, kwani fungu lilelile likigawiwa wachache, kila mmoja wao hupata kikubwa zaidi. Ugumu huanza pale mpokeaji anapojaribu kujiinua. Mchukue mtu ambaye ruzuku yake hupunguzwa 60 kwa kila 100 anazochuma kazini. Akitozwa na kodi ya 20, anabaki na 20 mkononi, na hapo nauli ya kwenda kazini hajailipa. Amekatwa asilimia 80, ingawa sehemu kubwa ya makato hayo haiitwi kodi.

Ruzuku ya wote haina mtego huo, lakini gharama yake ni kubwa na kwa kawaida hulipwa kwa kupandisha kodi. Tajiri unayemtaja basi hupokea kwa mkono wa kulia na kurudisha kwa wa kushoto, pengine na ziada, hivyo la kupimwa ni kile kinachobaki kwa kila mtu baada ya kodi.

Je, watu huacha kazi? Jimbo la Alaska nchini Marekani limekuwa likiwagawia wakazi wake gawio la kila mwaka kutokana na mfuko wa mafuta tangu 1982, na watafiti hawakuona ajira kwa jumla ikishuka, ila kazi za muda ziliongezeka. Jaribio la Finland la 2017 na 2018, ambalo hutajwa mno katika mjadala huu, liliwapa watu 2,000 euro 560 kwa mwezi. Lakini wote walikuwa wasio na ajira, kwa hiyo halituambii mengi kuhusu ruzuku ya wote.

Uchunguzi wenyewe wa nani ni maskini nao una kasoro zake. Pale ambapo wengi hawana hati ya mshahara, maofisa hukisia umaskini kwa kutazama paa, sakafu na vyombo vya ndani, na mjane aliyeachiwa nyumba nzuri huenguliwa ilhali hana chakula. Katika mazingira hayo mimi ningeanza na watoto wote na wazee wote, maana umri haukisiwi kwa kutazama paa, ingawa nao huhitaji cheti cha kuzaliwa.