Manjano hayatamkinga mama na kiharusi cha pili

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Tukuyu. Mwezi uliopita alipata kiharusi cha mshipa kuziba, na mkono wa kushoto bado mzito. Hospitali walimwandikia amlodipini ya presha, aspirini na atovastatini ya kupunguza mafuta kwenye damu. Jirani ametuletea unga wa manjano na vidonge vya mmea wa ginkgo, anasema vinalinda seli za ubongo. Nimesoma mtandaoni nikaona ni kweli vimethibitishwa. Nimpe kiasi gani kwa siku? Na je, nipunguze dawa za hospitali ili zisigongane?

JIBU: Marahaba, na mpe mama pole. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: usipunguze hata kidonge kimoja.

Sasa hayo uliyoyasoma. Vimethibitishwa, ndiyo, kwa panya. Panya mchanga mwenye afya anapitishiwa uzi mwembamba wa nailoni kwenye mshipa wa shingo mpaka uzibe mshipa wa ubongo. Anachomwa sindano ya tumbo yenye kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi, mara nyingi kabla ya kuzibwa au muda mfupi baadaye. Kisha ubongo wake unakatwa vipande na kutiwa rangi, na kweli sehemu iliyokufa inaonekana ndogo kuliko ya panya ambaye hakupewa. Sibishani na matokeo hayo. Nabishana na mtu anayeyachukua na kuyabandika kwenye kopo la kuuzia mama mwenye miaka 61, mwenye presha, ambaye kiharusi chake kina mwezi mzima.

Mshipa ukiziba, seli za katikati ya eneo lililokosa damu hufa ndani ya dakika chache. Za pembezoni huhimili kwa saa kadhaa, na hizo ndizo zinazoweza kuokolewa. Baada ya mwezi hakuna tena seli inayongoja kuokolewa. Kilichobaki ni mazoezi ya ule mkono, kila siku, na kuzuia kiharusi cha pili.

Mwaka 2006 watafiti walikusanya tiba za kiharusi zilizowahi kujaribiwa wakapata 1,026. Kati ya hizo, 114 tu zilikuwa zimefika kwa wagonjwa. Karibu zote zilizong'ara maabara zilizimika zilipofika wodini, za mimea na za viwandani pia. Dawa iliyosimama ni ile ya kuyeyusha bonge la damu, na leo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa ya CT scan kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka.

Kuna suala la kiasi pia. Katika unga wa manjano, kurkumini ni kama asilimia 3 tu. Kuna watu waliomezeshwa gramu 8 za kurkumini tupu kwa mara moja, na damu yao ilipopimwa haikuonekana, kwa sababu utumbo na ini huibadilisha haraka sana. Kuzipata gramu hizo 8 kwenye unga, mama angehitaji kula zaidi ya robo kilo kwa siku. Ndiyo maana wauzaji wamekuja na vidonge vikali vilivyochanganywa na pilipili manga ili viingie mwilini, na hivyo ndivyo vimehusishwa na watu kuumia ini. Manjano ya kwenye mchuzi endeleeni nayo.

Sidharau mimea. Kwenye mbegu za mboga ya selari ilipatikana kemikali iitwayo butilftalidi, ambayo China hutumika kama dawa ya kiharusi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya wagonjwa 1,216: waliopona vizuri walikuwa asilimia 56.7 kwa waliopewa, na 44.0 kwa wasiopewa. Lakini wote walianzishiwa ndani ya saa 6, wakiwa tayari wanatibiwa kwa kuyeyushiwa au kutolewa bonge, na dawa yenyewe ilitengenezwa kiwandani kwa kipimo kinachojulikana. Hakuna aliyepona kwa kutafuna selari.

Huku kwetu mkulima wa pareto anajua fika kwamba halipwi kwa kilo tu. Ua hupimwa kiwango cha sumu yake, na likikaushwa vibaya bei inashuka. Ua la kuulia mbu tunalidai kipimo, ila unga wa kumnywesha mama mgonjwa hatuuulizi chochote!

Ninachokiona kila wakati ni hiki. Mgonjwa anarudi mdomo umepinda upya, presha 200 na kitu. Binti yake anafungua mfuko: chupa ya maji yenye kimiminika cha kahawia, haina lebo, na pembeni pakti ya amlodipini iliyotumika vidonge viwili vitatu. "Presha ilishuka, tukaona dozi imeisha." Dozi ya presha haiishi. Ilishuka kwa sababu ya kidonge, na kidonge kikiachwa inapanda, mara nyingi bila hata kichwa kuuma. Na aliyewauzia hiyo chupa hayupo tena stendi. Dawa nyingine zinazoitwa za asili zimekutwa zimechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, au za maumivu kama diklofenaki, ambazo zenyewe zinapandisha presha.

Ginkgo na vidonge vikali vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, hasa kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mama yuko kwenye aspirini, ambayo nayo hupunguza damu kuganda, kwa hiyo ginkgo iacheni. Na msimpe aspirini mtu mwingine yeyote anayepata kiharusi kabla ya picha, kwani kama mshipa umepasuka mtamwongezea damu kichwani.

Mama apimwe presha kila wiki hapo kituo cha afya, muiandike kwenye daftari. Kwa wengi waliopata kiharusi tunataka iwe chini ya 130/80. Ikizidi, mrudi aongezewe dawa. Uso ukipinda tena, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, angalieni saa dalili zilipoanza, mtafute gari muda huohuo mumpeleke hospitali yenye CT scan. Atakayewaambia ametupiwa kitu na achanjwe chale kwanza, msimsikilize. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kilomita 70 hivi, na mkitoka mapema mnafika ndani ya muda.