Gari na Wasomaji: Aqua ya mkononi, bima ya milioni 10 na gia inayolia Mombo

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza na Lushoto. Tumezifupisha bila kugusa kilichoulizwa.

Nimepata Toyota Aqua ya mkononi, ya mwaka 2013, namba E, dashibodi inasoma kilomita 78,000. Muuzaji anataka milioni 15. Rafiki zangu wananitisha kwamba betri ya haibridi ikifa nimeumia. Nikague nini kabla ya kutoa hela?
*Msomaji, Ngamiani*

Namba E kwanza, maana imewaponza wengi. Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii lilitoka kiwandani lini wala lilikanyaga barabara za Japani kwa miaka mingapi. Gari la 2013 lenye namba E limeishi huko karibu miaka kumi, na ndiyo miaka unayopaswa kuiulizia.

Uliza karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na mkaguzi huyachora na kuyapa alama. Alama 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 lina mikwaruzo yake, R au RA limewahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi za kuogopa kwa sisi wa pwani ni S na C, yaani kutu na kuliwa na kutu. Kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo gari likija na kutu ya huko halafu likalala Raskazone linapigwa na upepo wa bahari, chini hapachelewi kutoboka. Lipandishe juu, piga tochi kwenye fremu na mabomba ya breki. Ukiona chini pamepakwa rangi nyeusi mbichi, kwaruza kidogo kwa ukucha uone imeficha nini.

Namba ya chasisi kwenye karatasi lazima ilingane na ya kwenye gari na ya kwenye kadi. Ya Aqua hii huanza na NHP10. Kisha linganisha kilomita. Karatasi ya mnada ya 2022 ikisema 121,000 na dashibodi leo inasoma 78,000, mazungumzo yameishia hapo. Karatasi ikikosekana, fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, halafu chungulia ndani ya boneti. Gereji za Japani hubandika kikaratasi cha kubadili oili chenye tarehe na kilomita. Usichanganywe na mwaka: huko huhesabu kwa enzi za wafalme wao, kwa hiyo Heisei 28 ni 2016.

Sasa betri. Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, na betri kuu ndiyo huilisha mota. Ya Aqua ni ya nikeli, volti 144, imekaa chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Hapo ndipo penye ugonjwa. Vumbi la njia zetu, nyuzi za kapeti na nywele hujaza tundu la kuingizia hewa, betri inachemka, chemba dhaifu zinatangulia kufa. Mizigo iliyosukumwa chini ya kiti ikaziba tundu hilo hufanya kazi hiyohiyo. Ingiza mkono, pangusa. Vidole vikitoka na unga wa kijivu mzito, betri hiyo imekuwa ikipumua kwa shida.

Usiridhike na mzunguko wa mtaani. Washa kiyoyozi, nenda mpaka Muheza na kurudi. Vibao vya chaji kwenye skrini vikipanda na kushuka haraka haraka, feni ikipiga kelele nyuma, injini ikiwaka kila mara hata kwenye foleni, betri imechoka. Nenda na fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, asome volti za kila kundi la chemba huku wewe unakanyaga mafuta. Makundi yanatakiwa kushuka na kupanda pamoja. Moja likiachwa nyuma kwa nusu volti au zaidi, ndilo litakalokuletea msimbo P0A80, yaani betri kuu imefika mwisho. Mwambie pia aangalie kama vipimo vya kujikagua vya gari vimekamilika. Vingi vikiwa havijakamilika, kuna mtu amefuta hitilafu karibuni, pengine asubuhi ya siku hiyohiyo.

Taa zina ujanja wake. Ukiliweka gari kwenye umeme kabla ya kuliwasha, taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima zijitokeze, kisha zizime. Isiyojitokeza kabisa imezibwa au imeunganishwa na waya wa taa nyingine.

Na hao wanaokutisha, waambie hivi: haibridi nyingi zinazogoma kuandika READY kwenye dashibodi, yaani gari liko tayari kuondoka, hazina shida ya betri kuu. Ni ile ndogo ya volti 12 imechoka. Ikiwa imepumzika inatakiwa isome kama 12.6, ikishuka chini ya 12, kompyuta zinachanganyikiwa na dashibodi inawaka kama mti wa Krismasi. Ibadilishe hiyo kabla hujauziwa betri kubwa. Nyaya za rangi ya chungwa asiziguse fundi wa kubahatisha.

Gari langu thamani yake ni milioni 15, lakini wakala alinishauri nikate bima kubwa ya milioni 10 ili nilipie kidogo. Nimegonga nguzo, matengenezo ni milioni 3. Kampuni inasema itanilipa milioni 2 tu na bado itakata. Si nimekata bima kubwa?
*Mama wa watoto watatu, Chumbageni*

Pole mama. Kampuni haijakudhulumu hapo. Wakala ndiye alikupa ushauri wa hasara. Ulikata bima ya theluthi mbili ya gari, na theluthi moja ukawa umejibebea mwenyewe bila kuambiwa. Hasara ndogo nayo hugawanywa kwa uwiano huohuo: 10 kwa 15, mara milioni 3, unapata milioni 2. Kipengele hicho kimo kwenye hati yako ya bima, si kwenye stika. Kinachokatwa juu yake ni kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kila mwenye bima kubwa hukibeba, nacho kimeandikwa humohumo.

Hesabu ya ulichookoa ndiyo inayouma. Tuchukue kiwango cha asilimia 3.5. Kwa milioni 15 ni shilingi 525,000, ongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 619,500. Kwa milioni 10 ni 413,000. Uliokoa 206,500, ukapoteza milioni nzima.

Kukuza thamani nako hakusaidii. Gari la milioni 15 ulikatie la milioni 22, likiungua utalipwa bei ya soko ya siku hiyo, na michango ya ziada imekwenda. Kila unapohuisha bima, uliza magari ya aina yako yanauzwaje sasa kwenye yadi, andika hiyo.

Wakati hati iko mkononi, pitia mambo mengine matatu. Matumizi: kama imeandikwa binafsi na jioni mwanao anabebea abiria wa kulipa, madai yanaweza kukataliwa yote. Jina: ukinunua gari la mkononi, bima ya mwenye zamani haikufuati kwa kuwa umekabidhiwa ufunguo, hamisha umiliki TRA na ukate yako. Kioo cha mbele: magari ya karibuni yana kamera nyuma ya kioo, inayosoma mistari ya barabara na kufunga breki ya dharura. Kioo kikibadilishwa, kamera lazima ipangwe upya kwa kompyuta, na gharama hiyo si ndogo. Uliza kama imo.

Stika yenyewe ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni kwa namba ya gari. Isiposoma, umebandika picha. Na ukiwa na mgogoro wa kweli na kampuni, baada ya kuwaandikia wao kwanza, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huhitaji kuanzia mahakamani.

Nikipanda kutoka Mombo gari linalia vuuu, mshale wa mzunguko unapaa lakini mwendo hauji. Fundi ameniambia nimwage haidroliki niweke mpya. Ni Nissan ya gia za CVT.
*Mwalimu, Lushoto*

Kabla hajamwaga, mwalimu, muulize ataweka ipi. CVT haina gia kama tulizozoea. Ina puli mbili na mkanda wa chuma, na puli zikijitanua na kujibana ndipo uwiano unabadilika. Mkanda huo unashika kwa msuguano, na mafuta yake yametengenezwa yalainishe bila kuuachia uteleze. Haidroliki ya kawaida ya gia za otomatiki haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiiweka, mkanda unateleza, unakwaruza puli, unga wa chuma unaingia kwenye vali, na baada ya hapo unatafuta gia boksi nzima.

Kwa mafuta hayo ya CVT, Nissan wana NS-2 na NS-3 kutegemea toleo. Toyota wana TC na FE. Soma kitabu cha gari au kijiti cha kupimia, usisome sura ya fundi. Mafuta ya zamani yapimwe yametoka lita ngapi, maana kinachotoka kwa kufungua nati ya chini ni sehemu tu, na kiasi hichohicho ndicho kirudi. Kipimo cha mwisho huchukuliwa gia ikiwa ya moto, injini inaunguruma. Pakua sahani ya chini utazame sumaku: matope laini meusi ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyometa ni mkanda unaliwa. Kama ni vipande, tunza hela yako, mafuta mapya hayataufufua.

Kidogo cha mlio huo ni tabia ya CVT kwenye mlima wowote. Lakini mwendo usipokuja kabisa, mara nyingi gia imepata joto na kompyuta inailinda. Simama pembeni, acha injini iungurume kwenye P mpaka ipoe. Kushuka usiachie D na breki peke yake. Tumia L au S, injini ikushikie. Wenye haibridi za Toyota wana B kwa kazi hiyo, ingawa wengi hawajawahi kuigusa.

Bima yangu kubwa inanifikisha Mombasa?
*Mfanyabiashara, Tanga*

Kwa madhara utakayomsababishia mtu Kenya, kata Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni yako kabla hujafika Horohoro. Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA, jumuiya ya kibiashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kadi hiyo haitengenezi gari lako. Kwa hilo omba kampuni ikuongezee mipaka kwa maandishi.

Masika iliyopita maji yalifika kwenye viti, gari likazima. Nikajaribu kuwasha mara nne. Sasa injini imekwama na mkaguzi wa bima anasema sehemu ni kosa langu. Anaweza?
*Msomaji, Tanga mjini*

Anaweza, na tukisema kweli ana hoja. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda kupitia bomba la hewa, pistoni inapanda inakuta ukuta, na konrodi, yaani mkono wa chuma unaoishika pistoni, inapinda. Pengine mara ya kwanza ilizima salama. Zile nne za kujaribu ndizo zilizopinda chuma, na kwenye bima hasara uliyoiongeza mwenyewe baada ya tukio ndiyo hubishaniwa.

Lililobaki ni ushahidi. Alama ya maji kwenye kapeti na milango, picha za siku ile, maelezo ya waliokusaidia kusukuma, na ripoti ya fundi inayotenganisha uharibifu wa umeme na viti, ambao hauna uhusiano na kuwasha, na ule wa injini. Dai hayo mawili kwa hesabu mbili.

Kwa mwenzako atakayekutwa na maji kesho: usiguse ufunguo. Toa kichwa hasi cha betri ndogo. Gari livutwe magurudumu ya mbele yakiwa juu, hasa haibridi ya kusukumwa na mbele, maana magurudumu hayo yakizunguka mota inazalisha umeme. Fundi atoe plagi zote kwanza, azungushe injini bila plagi, maji yaruke nje, kisha amwage oili. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ibadilishwe zaidi ya mara moja.

Nilibadilisha betri, redio ya Kijapani ikazima inaomba kadi. Na hata kabla ya hapo haikuwa inashika stesheni nyingi.
*Kijana, Muheza*

Redio nyingi za Toyota zina kadi ndogo ya ramani pembeni ya skrini. Yadi au mwenye zamani huitoa akidhani ni ya muziki. Umeme ukikatika redio inaitafuta, isipoiona inagoma. Ndiyo maana siku ya kununua gari fungua kile kimlango uone kama kadi imo. Bila kadi ya toleo lilelile, wengi huishia kununua redio nyingine, na wakati mwingine ni rahisi kuliko kuhangaika.

Stesheni ni suala jingine. FM ya Japani ilianzia 76 ikaishia 90, yetu ni 88 mpaka 108. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena, kinazishusha stesheni zetu mpaka redio izisikie. Namba zitakazoonekana zitakuwa si zake. Betri nayo, kama gari lako hujizima kwenye taa nyekundu, nunua yenye alama za kazi hiyo kama M-42 au Q-85. Ya kawaida itaingia na itawasha, lakini haitadumu.