Video ya Biashara: Mtu Mmoja au Kikosi Kizima?

SWALI: Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita huku Shela, Lamu. Mpiga video mmoja ataka siku moja tu. Kampuni ya Mombasa yataka siku nne, pamoja na watu wa taa, sauti na droni. Nichague ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tazama kwanza video hiyo itatumika kwa muda gani. Ikiwa ni ya kutangaza bei za msimu au vyumba vilivyo wazi, mambo ambayo hubadilika kila mara, mtu mmoja anatosha, mradi awe na kipaza sauti cha kubana nguoni chenye kinga ya upepo, kwa sababu kusi huharibu sauti kabla ya picha, na mgeni huvumilia picha hafifu kuliko maneno yasiyosikika. Kikosi kizima kiite kwa filamu moja ya kuitambulisha nyumba, itakayodumu miaka kadhaa. Hapo muswada, taa za kumulika vyumba vyenye kuta nene za matumbawe na uhariri makini vina thamani yake. Droni nayo hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, basi ulizia kibali kabla ya kutoa arubuni. Kwa vyumba sita, mimi ningeanza na yule mmoja.