Amplifaya inayopiga kelele yenyewe

Fundi, shikamoo. Amplifaya yangu ya LM386, ile IC (kipande kimoja chenye saketi nzima ndani) ya kukuza sauti, inatumia betri ya volti 9. Nikipandisha sauti inapiga put-put-put kama boti ya mashine. Nikiweka betri mpya inatulia, baada ya siku chache inarudia.

Marahaba, mwanangu. Umelitaja kosa lenyewe bila kujua. Betri ikichoka, ukinzani wake wa ndani hupanda. Spika ikivuta mkondo, volti zinashuka, na mshuko huo unapita kwenye waya uleule wa chanya hadi upande wa kuingizia sauti. Huko unakuzwa kana kwamba ni muziki, spika inavuta tena, na mchezo unaanza upya. Funga kapasita (kihifadhi chaji) ya mikrofaradi 470 au 1000 kati ya mguu wa 6 na wa 4 wa IC, na nyingine ya mikrofaradi 10 toka mguu wa 7 kwenda graundi (waya wa pamoja wa saketi). Kama kuna transista ya maikrofoni mbele ya IC, ilishe kupitia rezista ya omu 100, kisha baada ya rezista weka mikrofaradi 220 kwenda graundi.

Na mimi, fundi: kapasita kubwa ninayo, tena ya mikrofaradi 2200, lakini IC ya amplifaya yangu, TDA2030A, inaunguza kidole hata bila muziki. Nimeshabadilisha IC tatu.

Inauma, maana huenda zote tatu zilikuwa nzima. Hapo IC inatetema, yaani inajizalishia mawimbi yenyewe, kwa kasi ambayo sikio halisikii, pengine mamilioni ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hata waya ni kizuizi: sentimita moja ina takriban nanohenri 10, kwa hiyo waya wa sentimita 10, kwa megahezi 10, unazuia kama rezista ya omu 6. Kapasita yako kubwa iko mbali mno kusaidia. Chukua ya seramiki, nanofaradi 100, kata miguu iwe mifupi kabisa, ilehemu palepale kwenye mguu wa 5 kwenda graundi. Ukitumia umeme wa pande mbili (chanya na hasi), mguu wa 3 nao upate yake. Toka mguu wa 4 kwenda graundi, funga rezista ya omu 1 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 220. Na usipunguze ukuzaji chini ya desibeli 24, yaani mara 16 hivi. Chini ya hapo IC hii haitulii.

Nitajuaje inatetema, na sina osiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme?

Chomoa sauti, pima mkondo kwa mita. LM386 iliyotulia hula miliampia 4 hadi 8. Ukisoma 30, ndiyo hiyo. Au sogeza redio ya AM karibu na bodi, uzungushe stesheni: mara nyingi utasikia mluzi au mvumo unaokatika ukizima amplifaya.

Graundi ya spika na ya maikrofoni zinaweza kutumia waya mmoja mwembamba?

Hapana. Kila moja iwe na waya wake, zikutane kwenye kapasita kubwa ya chanzo cha umeme.