Simenti kwenye nyumba ya zamani ya udongo Ujiji

Kaka umeuliza kama upige plasta ya simenti kwenye nyumba ya zamani ya udongo hapo Ujiji, maana watu wanakwambia ndo imara. Hapana, simenti usipige kabisa kwenye ukuta wa udongo hata kama hao wanaosema hivyo wana nia njema. Ukuta wa tope unapandisha unyevu toka chini na lazima utokee mahali, sasa ukiuziba na simenti maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na udongo wenyewe unalainika taratibu huku nje unaona kumenyooka tu. Mi ni fundi huku Kigoma, nimeshabandua plasta za hivyo, inatoka bamba zima limeng'ang'ania kipande cha ukuta, na ukigusa nyuma yake unakuta mbichi kama jana mvua imenyesha. Tumia udongo wa kichuguu na mchanga, juu upake chokaa, hiyo inapumua.

Ila chokaa inataka subira, inyunyizie maji usiiache ikaushwe na jua, na msingi ukiwa unatuamisha maji ya mvua anza na mtaro kwanza. Halafu kama jengo liko chini ya Mambo ya Kale, ile idara ya serikali inayotunza majengo ya kihistoria, uliza ruhusa kabla hujagusa hata tindo.