Mwanangu, kabla hujachukua hiyo IST

Mwanangu,

Marahaba. Huku Iringa hatujambo, baba yako anakusalimu.

Swali lako nimelipenda. Umesema umedunduliza milioni 12 tangu uanze kazi hapo Dodoma, wenzako ofisini wote wanakwambia chukua Toyota IST yaishe, lakini wewe unataka gari ambalo ukishika usukani unafurahi, si la kukutoa nyumbani na kukufikisha kazini tu. Ukaniuliza kama huo ni ufujaji wa pesa. Sio ufujaji. Huna watoto wa kupeleka shule, na barabara ya kuja kwetu inapita Mtera na kupanda Nyang'oro. Ukiwa kwenye kona zile na gari linalokutii, utanielewa. Na gari unalolipenda hutalisahau serbisi.

Kwanza tugawe pesa. Gari lisizidi milioni 10. Mbili zinazobaki usiziguse, hata dalali akulilie machozi. Hizo ni za kuhamisha umiliki, bima, oili zote, matairi, shokapu na bushi. Hapa sitalegeza hata kidogo, kwa sababu raha ya gari dogo inatoka chini, wala si kwenye ukubwa wa injini. Gari jepesi lenye matairi mazuri, shokapu nzima na breki zinazoshika linaitikia kila unachofanya. Hilohilo likiwa na shokapu zilizokufa linayumba na kukuchosha, na mtu anasema gari baya wakati ubaya ni wa mwenye gari.

Kwa bajeti hiyo tafuta gari ambalo tayari liko nchini, namba D, yaani herufi za namba yake ya usajili zinaanza na D. Kuagiza Japani magari ya umri huo hakukulipi. Mamlaka ya mapato, TRA, inayaongezea ushuru kwa sababu ya uzee wake.

Sasa kuhusu IST. Wenzako hawajakosea. Ile ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, imejengwa juu ya Toyota Vitz, injini zake za 1.3 na 1.5 kila fundi anazijua, spea zipo mpaka kwenye maduka ya barabarani, na siku ukitaka kuiuza haikai. Lakini imesimama juu na usukani wake ni mlaini mno, hauambii mkono wako kinachoendelea kwenye tairi. Ukiamua IST, chukua ya 1.5. Na usinunue iliyonyanyuliwa kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye shokapu na springi ili gari liwe juu. Mtu anafurahi kuvuka makorongo, kumbe ameharibu utulivu wa gari kwenye kona, na viungo vya chini vinakwisha haraka.

Vitz na Passo za 1.0 ni magari ya mjini. Injini ile ndogo inakula mafuta kidogo, lakini panda nayo Nyang'oro mkiwa wanne na mizigo uone. Honda Fit ina nafasi kubwa ya ajabu ndani, ila Fit za mwanzo gia boksi yake ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, inataka oili yake maalumu, na wengi waliozimiliki waliweka yoyote iliyokuwa dukani. Ukiona gari linatetemeka likianza kuondoka, achana nalo. Mazda Demio ya kuanzia 2007 ni tamu kuendesha. Mazda waliipunguza uzito karibu kilo 100 kulinganisha na iliyotangulia. Wakenya wanaipenda sana. Ukikuta nzima, na fundi wako anaijua, usiipite.

Chaguo langu lakini ni Suzuki Swift, ile ya 2004 hadi 2010, ya 1.3 au 1.5. Ina uzito wa kama tani moja, magurudumu yamekaa pembeni kabisa mwa bodi, na usukani wake una uzito unaostahili. Suzuki hawakuitengeneza kwa ajili ya Wajapani peke yao. Iliundwa pia Hungaria na India, na imetembea barabara nyingi duniani. Kule India ilitoka kwa wingi, hivyo spea zinatengenezwa. Zile zilizotoka Japani, injini zake hizo za petroli zinatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo huna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Wewe gia za mkono ulijifunzia kwenye Hilux ya baba yako. Ukipata Swift ya gia za mkono, hata ikiwa imezidi kidogo kilomita, itakupa raha kuliko otomatiki ya bei mara mbili.

Najua utaniuliza Swift Sport, ya 1.6 yenye nguvu za farasi 125. Ni gari zuri sana, sikatai. Lakini matairi yake ni ya inchi 16 yenye ubavu mfupi, shimo moja la barabarani linapinda rimu. Na zile zinazouzwa kwa bei yako zimeshapitia mikono ya vijana waliozikamua. Ikusubiri.

Siku ya kwenda kuliona gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, kama ni ya moto, rudi kesho yake. Likiwa la baridi ndipo cheni chakavu inapopiga kelele na moshi wa bluu unapotoka nyuma. Fungua rejeta kabla halijawashwa: unataka kulanti yenye rangi, si maji ya bomba yenye kutu. Ukizungusha ufunguo, taa ya injini na taa ya eabegi ziwake, kisha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa ina maana mtu ameing'oa au anaficha jambo. Soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likiwa na kashata nzuri, yaani meno yake bado marefu, lakini lina miaka minane, ni la kutupa. Kisha endesha kwenye matuta, redio ikiwa imezimwa, vioo vimeshushwa. Sikiliza. Nenda na fundi wako mwenyewe mwenye mashine ya kupima, wala si yule aliyeletwa na dalali. Mlipe siku hiyohiyo, hata kama hukununua, ili asiwe na sababu ya kukusukuma ununue.

Linganisha namba ya chasisi kwenye gari na iliyo kwenye kadi ya usajili wa gari. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho kwa kutumia namba ya gari, kwani yakibaki utasumbuliwa wewe. Umiliki uhamishwe TRA mapema. Usikubali kutembelea kadi ya mtu.

Kata bima kubwa angalau mwaka wa kwanza. Ukishuka Nyang'oro tumia gia ndogo, usikanyage breki mlima mzima mpaka zinuke. Na usije usiku. Malori yaliyoharibika barabarani huwa hayana hata taa.

Ukipata linalokupendeza nitumie picha za kadi, matairi na chini ya boneti kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Jumamosi nipo nyumbani siku nzima, nipigie ukiwa na fundi hapohapo kwenye gari, nataka kuongea naye.

Mama yako