Sabufa mpya, zilipendwa hazinogi

Ndugu yangu, nimekuelewa: umenunua sabufa kubwa, lakini zilipendwa bado zinakunogea zaidi kwenye redio ya mzee. Masikio yako hayana kosa. Rekodi nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 hazina besi nzito. Utamu wake uko kwenye sauti ya mwimbaji na magitaa, na hapo ndipo sabufa nyingi za bei nafuu huwa dhaifu.

Kabla hujatoa hela nyingine, kama sabufa iko kwenye kona, itoe hapo. Kona huongeza besi mpaka inavuma. Punguza besi, kisha zile spika ndogo zipandishe usawa wa masikio. Mimi zangu nilizitoa nyuma ya kochi, nikaanza kusikia gitaa la pili ambalo miaka yote sikujua lipo!

Halafu kagua mafaili. MP3 ya kbps 64 (kbps ni kipimo cha wingi wa data ya sauti kwa sekunde; ikiwa ndogo, sauti hupungua ubora) haiponi hata kwa spika ya milioni. Tafuta ya 256 au 320, isiwe ile ya 64 iliyogeuzwa tu.

Sabufa ikinguruma hata muziki ukizimwa, mpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe, kapasita, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata ukishachomoa waya.